Binti Aliyemlilia Mama wa Jirani

Kwa miaka kumi na sita Tiominar alikidanganya kijiji kizima kwa neno moja tu, nalo ni "nakumbuka". Ukimkuta njiani ukamwambia, "Dada Tiominar, wakumbuka harusi ile, mvua ilivyotupa adabu?" alicheka, akajipiga paja, akasema, "Nakumbuka bwana!" Kisha alinyamaza akangoja. Mtu akishaanza kukumbushia jambo huwa hawezi kujizuia asilimalize mwenyewe, kwa hiyo ukingoja kidogo unaletewa harusi nzima, na bibi harusi, na nguruwe aliyekata kamba akatoroka. Tiominar alilijua hilo mapema, na hilo ndilo lililomsitiri.

Hakudanganya kwa hila, ilikuwa aibu tu. Alianza kuanguka kifafa angali mtoto wa shule. Alianguka shambani, alianguka kanisani katikati ya wimbo, na siku moja akaangukia jikoni, mkono ukabaki motoni mpaka mama yake alipotoka kisimani. Kovu lilishuka toka kiwiko hadi vidoleni, na vijana waliokuwa wakimpigia miluzi wakaacha. Dawa alikunywa za kila namna, za hospitali na za mizizi, na mchungaji alimwekea mikono zaidi ya mara moja. Kifafa kilikuwa kinaondoka wiki mbili kisha kinarudi kama shemeji mwenye njaa.

Alipokuwa na miaka ishirini na minane, daktari wa mjini akawaambia kwamba huko kisiwa cha Jawa iko hospitali ambako hufungua kichwa na kuiondoa ile sehemu inayowasha moto. Wakaenda, yeye na mama yake, wakavuka bahari. Wakampiga picha, wakamvika nyaya kichwa kizima, wakamwambia moto wake unaanzia upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio. Daktari wa huko alikuwa mtu mkweli. Alisema upande huo ndiko wengi wetu tunakoweka maneno na kumbukumbu, na kwamba wakikata, baadhi ya hivyo vinaweza kuondoka.

"Baadhi kiasi gani?" mama akauliza.

"Mama, hilo hatulijui mpaka baadaye. Wengine hawapotezi kitu. Wengine hupoteza."

Tiominar hakusita. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na shari kamili alikwisha kuionja jikoni. Akatia kidole gumba kwenye karatasi, akapasuliwa, akarudi nyumbani na kitambaa kichwani. Tangu siku ile hakuanguka tena. Naliweka hili wazi kwa sababu wapo watakaosikia habari hii waseme, ah, bora asingekwenda. Hao hawajawahi kuona mtu akipapatika juu ya makaa. Kijiji kilichinja nguruwe, watu wakaimba mpaka sauti zikakauka, na mama yake akacheza ngoma mbele ya wazee, mwanamke ambaye hata kwenye harusi yake mwenyewe alikuwa amekataa kucheza.

Mama huyo tulimwita Bibi Lambok, kwa jina la mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa kaka mdogo wa Tiominar. Ndivyo huku kwetu kando ya ziwa. Mtu akishapata mtoto au mjukuu jina lake la utotoni huwekwa kabatini. Tiominar peke yake ndiye aliyezeeka na jina lake la utotoni, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumpa jingine.

Bibi Lambok ndiye aliyegundua kilichopungua. Siku moja wakipalilia kaburi la baba, Tiominar akauliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Mama, siku tunamzika baba, mvua ilinyesha?"

Mama akasimamisha jembe. Siku hiyo Tiominar mwenyewe ndiye aliyebeba picha ya marehemu mbele ya msafara, toka nyumbani mpaka kaburini.

"Wewe ulikuwepo, mwanangu."

"Najua nilikuwepo. Ila siku yenyewe siioni."

Hapo ndipo walipoanza kuhesabu hasara, na kila walipohesabu iliongezeka. Utoto wake ulikuwa umebaki vipande vipande. Ujana karibu wote haukuwepo. Na si ya zamani tu, mapya nayo hayakukaa. Alisikia mahubiri asubuhi, kufika jioni amebaki na koti la mchungaji tu. Majina ya vitu yalimponyoka akiwa ameshika vitu vyenyewe. "Nipe kile cha... kile cha kupepetea," alisema huku akinyoosha kidole kwenye ungo. Kadiri umri ulivyosogea ndivyo matundu yalivyopanuka. Mikono yake ndiyo iliyosalimika. Alikuwa mfumaji, na akikaa kwenye kitanda chake cha kufumia, kamba ikiwa kiunoni, vidole vilihesabu nyuzi vyenyewe bila kumuuliza. Nguo zake zilisifiwa hata ng'ambo ya ziwa. Akili ni nywele, husema watu, kila mtu ana zake. Za Tiominar zilikuwa zimehamia mikononi.

Basi mama akajipa kazi. Kila jioni, wakishakula samaki na wali, alivuta mkeka karibu na kitanda cha kufumia akamhadithia binti yake maisha ya binti yake. "Ulipokuwa hujaota meno ya mbele ulimng'ata bata." "Ulikataa kuvaa viatu vya ubatizo, ukavitupa ziwani, na babako akaogelea kuvifuata." Tiominar alicheka, akauliza maswali, akalala akiwa na utoto. Baada ya siku kadhaa haupo, na mama anauleta tena, bata yule yule, viatu vile vile, na kamwe hakusema, "Hilo si nilikwambia?"

Watu wa nje hawakujua, wala kaka yake aliyekuwa kazini mbali. Wakiulizia ya zamani, neno "nakumbuka" lilitangulia na mama akafuata kujazia. Alipoachwa peke yake ndipo mambo yalipoharibika. Palikuwa na mgane mmoja, mfuga samaki, aliyekuja kuchumbia kwa heshima. Waliongea mara kadhaa, na Tiominar alimpenda, hilo mama yake aliliona. Lakini kila alipokuja ilibidi ajieleze upya, watoto wangapi, mke alikufa kwa nini. Mara ya nne Tiominar alimuuliza mkewe hajambo. Mwanamume akaweka kikombe cha kahawa chini, akaaga, na hakurudi.

Aliyemuuma zaidi ni Mama Tota, jirani, waliyekua naye toka kunyonya. Mama Tota ni mtu wa maneno mengi na moyo mmoja. Alikuwa amemwachia Tiominar siri za ujana wake mwenyewe, za barua, za kijana aliyemwacha, siri ambazo hakumpa mwingine. Siku moja akamwambia kwa kunong'ona, "Nimemwona mjini yule bwana wa daraja la mbao. Kawa na kitambi!" Tiominar akacheka, "Nakumbuka!" akangoja. Lakini siri haijaziwi kama harusi. Mama Tota naye alingoja.

"Yupi?" Mama Tota akauliza. "Haya niambie, yupi?"

"Si yule... yule mwenye..."

"Tiominar, nililia siku mbili kwenye paja lako."

Hakumweleza. Angeweza kusema kweli pale pale, na ninamlaumu kwa hilo, ingawa najua ilivyo vigumu kumwambia mtu kwamba machozi yake hukuyaweka popote. Mama Tota akaondoka akiamini kwamba mwenzake alipopona alianza kuringa na urafiki wa maskini hautaki tena. Toka siku hiyo wakawa wa salamu za ua kwa ua, habari ya asubuhi, nzuri, basi.

Ndipo Bibi Lambok akafa. Alikuwa mzee, aliugua kifua wiki chache, akafa mchana akiwa ameketi, na Tiominar alikuwa amemshikia bakuli la uji.

Kaka mdogo, Pangihutan, ambaye sisi tunamwita Baba Lambok, alikuja kutoka Batam, kisiwa anakofanya kazi, na mkewe na watoto. Wanaume wa ukoo wakakaa sebuleni kupanga mazishi. Kwetu kifo cha mzee kina daraja lake. Akifa watoto wake wote wameoa na kuolewa na wajukuu wapo, huyo ni mzee aliyemaliza. Watu hucheza, hawalii sana, na nyati huchinjwa kwa shangwe. Akifa angali na mtoto hata mmoja ambaye hajaoa au hajaolewa, huyo ni mzee aliyebakiza, na heshima yake inashuka ngazi.

"Bwana, jambo lenyewe halina mjadala," akasema Baba Mdogo Mangara, msemaji wa ukoo. "Marehemu kabakiza."

"Kabakiza nani? Tiominar ana miaka arobaini na minne!" akasema Baba Lambok. "Bado mnamngojea mchumba?"

"Hata angekuwa na tisini. Kabakiza."

Ukuta kati ya sebule na jikoni ni wa mbao. Tiominar alikuwa akimenya vitunguu upande wa pili, akasikia yote, akaendelea kumenya. Alijiona mzigo ambao mama yake ataingia nao kaburini.

Baada ya hapo kaka yake akaja jikoni, akachuchumaa karibu naye.

"Dada, usiwajali wale wazee. Hilo la ngazi tumeshindwa. Lakini kesho kutwa wewe ndiye utakayemlilia mama. Mke wangu atalia kidogo, ni mkwe, hakukaa naye. Mimi nilikimbilia kazi. Wewe ndiye uliyekuwa naye miaka yote. Lia mpaka hao wazee waone haya. Waambie mama alikuwa nani."

"Nitalia," Tiominar akasema.

Niseme kidogo juu ya kilio hiki. Si machozi tu. Mwanamke huketi kichwani pa maiti akamwimbia, akimsemesha mwenyewe, na humhesabia maisha yake: ulitoka wapi, ulibeba nini, ulijinyima nini kwa ajili yangu. Kina lugha yake ambayo haitumiki penginepo. Macho huitwa vitazamio, miguu vikanyagio, mdomo huitwa kisemeo. Wachungaji wamekipiga vita miaka mingi, nao wakifiwa na mama zao husimama mlangoni kusikiliza. Mtoto wa kike asiyemlilia mamaye hivyo watu humwona kama aliyekuwa mpangaji katika nyumba ile. Na kwa Bibi Lambok, aliyenyimwa ngazi ya juu kwa sababu ya binti huyu, kilio cha binti huyu ndicho kilichobaki cha kumpandisha.

Lugha ya kilio Tiominar alikuwa nayo yote, alijifunza akiwa mdogo na ilikuwa imeshika. Asichokuwa nacho ni mama. Alikuwa na mama wa wiki chache zilizopita, wa kikohozi na uji. Aliketi siku mbili karibu na maiti akijaribu kumrudisha. Kulikuwa na bata. Bata alifanya nini? Kulikuwa na viatu, au viatu vilikuwa vya mtu mwingine. Kila aligusalo lilimponyoka, na mtu wa kumuuliza ndiye aliyekuwa amelala mbele yake amevikwa nguo aliyoifuma yeye.

Siku ikafika. Nyumba ilijaa, ua ulijaa, wapiga ngoma walikuwa wamekaa kwenye roshani. Wifi yake, Mama Lambok, alilia kifupi na kwa adabu. Mama Tota alilia kama jirani, akamshukuru marehemu kwa chumvi na moto alivyompa miaka yote bila kuhesabu, na watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha wakampisha binti.

Tiominar akaanza, na lo, sauti! Watu walikuwa wamesahau kwamba msichana huyu aliongoza kwaya kabla ya kifafa kumshusha. Akavisihi vitazamio vifunguke mara moja tu, akavilaumu vikanyagio kwa kuondoka bila kuaga. Wanawake wakaanza kujifuta. Pale mlangoni kaka yake alikuwa akitikisa kichwa taratibu, ameridhika.

Kisha pakafika mahali pa maisha. Akavuta pumzi, akaingiza mkono gizani, akashika cha kwanza alichokipata.

"Ee mama, wewe uliyeshuka ziwani kabla ya jogoo, ukapokea samaki mkono kwa mkono kutoka kwa wavuvi, ukapandisha kapu kichwani mlima mzima maji ya samaki yakikutiririka shingoni, ukaketi sokoni na harufu ambayo sabuni haikuitoa, ili mimi niende shule..."

Yalimjia kwa urahisi, mazuri, kamili, na yeye mwenyewe akafurahi ndani ya huzuni yake kwamba hatimaye mama amekuja. Akaendelea na kapu, akaendelea na kitambaa chekundu mama alichokuwa akifunga kichwani, na jinsi alivyokuwa akificha mkia wa samaki mmoja kila siku kwa ajili ya mwanawe.

Watu wakaanza kutazamana.

Bibi Lambok hakuuza samaki hata siku moja katika maisha yake. Alikuwa mkulima wa vitunguu na kahawa, na ziwa alikuwa akiliogopa kwa sababu lilimmeza kaka yake. Hata kufua alifulia kisimani. Muuza samaki mwenye kitambaa chekundu alikuwa mama yake Mama Tota, aliyekufa wakiwa wasichana. Mama Tota alimlilia maneno hayo hayo, ubavuni akiwa ameshikwa na Tiominar. Yaliimbwa, na yaliyoimbwa yalimkaa Tiominar kuliko yaliyosemwa. Yalikaa, ila jina la mwenyewe lilikuwa limebanduka.

"Makubwa!" akasema mwanamke mmoja wa nyuma, wala hakushusha sauti. "Leo twamlilia nani?"

"Mama wa jirani," mwingine akajibu. "Wa kwake huenda alimchosha."

Mmoja akacheka, akaziba mdomo. Hata kwenye msiba hatukosi wa namna hiyo. Kaka yake akapenya kati ya watu, akainama sikioni pake.

"Dada, unafanya nini? Samaki wa nani? Unatuaibisha."

Tiominar akanyamaza. Akaziangalia nyuso moja moja. Akamwona Mama Tota amekaa wima, machozi yakimtoka, machozi ya mtu aliyeletewa mama yake bila kutegemea, na hapo akaelewa kapu lilikuwa la nani. Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema waliotangulia, na hawakumsemea mwingine. Angeweza kuzimia. Angeweza kujifanya kifafa kimerudi, na wangemwamini wote, wangembeba wakampepea. Baadaye alikiri kwamba wazo hilo lilimpitia.

Badala yake akamgeukia maiti. Hakurudi kwenye lugha ya kilio. Alisema kwa maneno ya kila siku, ila sauti ile ya kuimba haikumwacha.

"Mama, nimekuvika maisha ya mtu. Nisamehe. Nimetafuta yako sikuyaona. Sikumbuki, mama. Niseme leo mbele ya watu wote, sikumbuki. Waliponifungua kichwa wakautoa moto, na wewe ulikuwa umekaa karibu na moto, wakakutoa. Wanasema ulinibeba mgongoni, mgongo siukumbuki. Wanasema ulinitoa jikoni nikiungua. Kovu ninalo, mikono yako iliyonitoa sina. Kila jioni ulinirudishia, na kila nilipoamka nilikuwa mtupu, na hukuchoka, mama, hukuwahi kuniambia nilishakwambia. Wenzangu wamefiwa na mmoja. Mimi nawalilia wawili. Kuna msichana ulikuwa unamjua wewe peke yako, aliyetupa viatu, au alifanya nini, sijui, alikuwa anaitwa Tiominar. Alikuwa anaishi kwako. Leo unaondoka naye, na mimi sikuwahi kumwona."

Wapiga ngoma walikuwa wameweka fimbo chini. Yule mwanamke wa nyuma alikuwa amejifunika uso kwa shuka, na Baba Mdogo Mangara, ambaye hulia kwa miadi, alitoka nje akaenda kusimama karibu na zizi la nyati. Kaka yake akakaa chini pale pale, suti na yote, akalaza kichwa begani pa dada yake. Mama Tota akasogea upande wa pili, akamshika mkono wenye kovu.

"Miaka yote hii, wee mwanamke," akasema, "nami nilidhani unaringa."

Bibi Lambok akazikwa kwenye ngazi ya waliobakiza, kama wazee walivyoamua. Lakini hakuna aliyeongea juu ya ngazi wakati wa kula nyama. Waliongea juu ya kilio. Waliokuja kutoka ng'ambo walikipeleka ng'ambo, wakawa wanasema tangu wazaliwe hawajasikia binti akimlilia mama vile.

Kaka yake alimsihi waende wote Batam. Akakataa. Hapa vikanyagio vyake vilijua njia ya kisimani. Huko angekuwa anaulizia choo kila siku. Wageni wakaondoka, nyumba ikapoa. Jioni aliketi kwenye kitanda chake cha kufumia, na mkeka uliokuwa ukivutwa karibu ulibaki umekunjwa. Mwanzoni majirani walikuja mmoja mmoja kumpa habari za mama yake, kwa wema kabisa. Aliwashukuru. Nao wakiona wiki inayofuata anauliza yale yale, wakaona haya kwa niaba yake, wakapunguza kuja. Wana mashamba, na msimu wa vitunguu haumngojei mtu.

Mama Tota hakuacha. Alipita alasiri akitoka kuchuma kahawa, akaketi kizingitini, akasema habari za mjini na za mumewe. Alasiri moja, kama miezi mitatu baada ya mazishi, Tiominar akasimamisha mikono.

"Mama Tota. Mimi nilimlilia mama?"

"Ulimlilia, ndugu yangu. Hukumbuki?"

"Nakumbuka watu. Nakumbuka kaka kalala begani kwangu, suti imejaa vumbi. Maneno ndiyo sina." Akaushika uzi kama anayeupima. "Watu wakinikuta sokoni wananishika mikono. Jana bibi mmoja simjui kalia mbele yangu, ananiambia asante. Nilisema nini?"

Kwetu maneno ya kilio hayarudiwi katika nyumba isiyo na maiti. Ukiyarudia unaita msiba mwingine, na kila mmoja wetu anaye mtu anayemwogopea. Mama Tota alikuwa na mwana baharini. Tiominar aliujua mwiko huo vizuri, ni wa utotoni.

"Kwa kunong'ona tu," akasema. "Kidogo. Mwanzo wake."

"Usinitie majaribuni. Unajua haifai."

"Najua."

"Ulilia vizuri. Mpaka leo watu wanasema."

"Wanasemaje?"

Mama Tota akatazama mikono yake iliyojaa utomvu wa kahawa. "Wanasema ulilia vizuri," akajibu.

Tiominar akatikisa kichwa kukubali. Mwenzake akakaa kidogo tena, kisha akakumbuka wali wake uko motoni, akajitwisha kikapu, akaaga. Tiominar akamsindikiza kwa macho mpaka kwenye ua, mahali wanapopita watu wote wa kijiji, wazee kwa watoto, kila mmoja akiwa na kile kilio cha Tiominar kichwani. Kisha akarudi kufuma, na midomo yake ikawa inachezacheza, inajaribu neno hili na lile, kuona kama lipo atakalolitambua.